Namba Tisa na Namba Thelathini na Moja

Washiriki wa mashindano ya kuchora kumbukumbu ya waliokufa vitani walikuwa thelathini na wanne, na kila mmoja alikuwa ametundikiwa mbao zake tatu za michoro kwenye ukumbi wa halmashauri ya mji, bila jina wala sahihi, namba tu kwenye kona. Sajini alizunguka ukumbi mzima pole pole, mikono nyuma. Aliporudi mlangoni alimkuta mwenyekiti wa jopo anatazama saa yake.

"Sajini, nimekuita uangalie michoro miwili. Wewe umeangalia yote."

"Ndiyo, Mzee. Anayefanana na mwenzake humjui mpaka uwaone wasiofanana."

"Haya. Umeona nini?"

"Nimeona minara kumi na mitano, malaika wanne, na bunduki ya zege kubwa kuliko jengo hili. Halafu nimeona ukuta mmoja mara mbili."

Kule kituoni walimwita Kobe. Jina lilianza kama masihara ya vijana wa zamu, likamganda, naye hakuhangaika kulibandua. Miaka kumi na mmoja alikaa dawati la makosa ya kughushi, kazi yake hundi, vyeti na mihuri ya bandia. Hakuwahi kumkimbiza mwizi hata hatua mia moja. Alikuwa akikaa na karatasi ya mwizi mpaka karatasi ichoke kunyamaza.

Mwenyekiti, mhandisi mstaafu mwenye mvi zilizonyolewa karibu na ngozi, alimpeleka kwenye namba tisa, kisha kwenye namba thelathini na moja. Zote mbili zilionyesha ukuta mrefu, mfupi wa kimo mwanzoni, ukipinda kufuata mteremko wa uwanja wa zamani. Anayetembea kando yake angeanza akiwa ameuinamia na kumaliza ukiwa umemzidi kichwa. Juu ya ukuta, badala ya majina, kulikuwa na mistari midogo ya penseli, maana kwa udogo ule jina haliandikiki. Mstari mmoja, marehemu mmoja. Mistari ilikaa katika vikundi, kingine kikubwa, kingine kidogo, na kati ya kikundi na kikundi palikuwa na nafasi tupu.

"Wizi upo, hilo halina ubishi," mwenyekiti alisema. "Nani kamwibia nani, ndilo sijui. Kifungu cha kumi na moja cha masharti kinasema, michoro miwili ikifanana na ushahidi ukikosekana, unabaki uliopokelewa kwanza. Namba tisa uliingia Jumatatu. Thelathini na moja, Jumatano. Jopo linakaa leo saa kumi alasiri. Usipoleta kitu, thelathini na moja unashuka ukutani."

"Na namba tisa?"

"Nikwambie ukweli? Ndio mchoro mzuri kuliko yote humu. Utashinda."

"Kwa hiyo kama mwizi ni namba tisa, mnamjengea ukuta katikati ya mji."

Mwenyekiti alijikuna shingo. "Ndiyo maana nimekuita."

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

Majina ya washiriki yalikuwa ndani ya bahasha zenye lakiri, zimefungiwa kabati la stoo, na jopo lenyewe lilikuwa halijui bahasha ipi ni ya nani. Aliyeshika ufunguo ni karani wa mashindano, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba ya viatu. Alimruhusu Kobe afungue mbili tu, na kabla ya kumruhusu alimfanya atie sahihi mara tatu.

"Hata wewe polisi," karani alisema. "Mimi nimeapa."

"Hata mimi nimeapa, Mama. Tumekutana."

Bahasha ya tisa ilikuwa na jina ambalo karani alilisoma na kucheka kidogo. "Bwana Mwavuli! Huyu nani asiyemjua? Nusu ya maghorofa ya mji huu kayachora yeye." Walimwita hivyo kwa sababu hakuonekana barabarani bila mwavuli mweusi, jua liwake mvua inyeshe.

Bahasha ya thelathini na moja ilikuwa na jina la mwanamke ambalo hakuna kati yao aliyelijua. Anwani yake ilikuwa duka la ushonaji nyuma ya soko. Fomu ilidai kila mshiriki aeleze kazi alizofanya. Yeye alikuwa ameeleza moja: mchoraji katika ofisi ya Bwana Mwavuli, miaka minne, ameacha miezi mitano iliyopita.

Karani alivua miwani. "Basi kwisha habari. Mtumishi kaondoka na siri ya bwana wake."

"Labda."

"Labda nini, mwanangu? Kafanya kazi kwake, kaona mchoro, kaondoka, kauchora kwao, kauleta siku mbili baada ya mwenyewe. Hata mtoto wa chekechea angejua."

"Ndiyo maana naogopa," Kobe alisema. "Kitu kikijieleza chenyewe hivyo, mimi huwa nakihesabu. Una rula?"

Walirudi ukumbini. Kobe aliweka rula chini ya mstari wa kwanza wa namba tisa akaanza kuhesabu, kikundi kwa kikundi, na karani akawa anaandika. Kikundi cha kwanza kumi na wanne. Cha pili tisa. Cha tatu ishirini na wawili. Ilikuwa kazi ya kuumiza macho, na wajumbe wawili wa jopo waliopita na vikombe vya chai walisimama wakatazama, wakaondoka wakinong'onezana. Vikundi vilikuwa ishirini na saba. Karani alijumlisha, akafuta, akajumlisha tena.

"Mia nne na kumi na tatu."

"Masharti yanasema wangapi?"

Karani hakuhitaji kusoma. "Mia nne na kumi na wawili. Kila jina mstari wake, usizidi, usipungue. Niliipiga chapa mwenyewe hiyo sentensi."

Walihesabu namba thelathini na moja. Vikundi ishirini na saba, vya ukubwa ule ule. Mia nne na kumi na tatu.

"Mmoja kakosea," karani alisema, "na mwenzake kanakili mpaka kosa."

"Ndivyo. Anayenakili hahesabu; anafuata tu." Kobe alikunja karatasi ya hesabu akaitia mfukoni. "Sasa nikamwone aliyekosea. Kama ni kosa."

Ofisi ya Bwana Mwavuli ilikuwa ghorofa ya tatu, vioo vitupu, vijana sita wameinamia meza. Mwenyewe alikuwa mtu mzima wa sauti tamu, na mwavuli wake ulikuwa umesimamishwa kwenye chungu cha shaba kama mgeni wa heshima. Alimkaribisha Kobe kiti, akamwagizia maji, akahuzunika kabla ya kuulizwa.

"Yule binti nilimpenda kama mwanangu. Mkono wake mzuri sana. Mkono tu, unanielewa Afande? Wazo hana. Wazo lilitoka hapa." Alijigusa kipaji cha uso.

"Lini?"

"Muda. Haya mambo huja kidogo kidogo."

"Una vichoro vya mwanzo? Vya kufutafuta, vya kubahatisha?"

"Mimi nachora kichwani. Vijana wanaweka kwenye karatasi."

Kobe aliandika. "Ukuta wako una majina mangapi?"

"Mia nne na kumi na mawili, kama masharti yalivyodai."

"Una hakika?"

"Afande." Alitabasamu. "Ni miaka thelathini niko kwenye kazi hii. Hata usingizini sikosei idadi."

"Na vile vikundi? Kwa nini kimoja kina tisa na kingine ishirini na mbili?"

"Mdundo," Bwana Mwavuli alisema bila kusita. "Jicho la mtu likiona vitu vinavyolingana linalala. Lazima uliamshe. Hapa wengi, pale wachache, pale nafasi. Kama ngoma."

"Kwa hiyo kikundi cha tisa kingeweza kuwa cha kumi?"

"Kingeweza kuwa hata cha kumi na tano, mradi jumla isibadilike. Ni suala la jicho."

Kobe aliandika na hilo, neno kwa neno, akamsomea, akamwomba atie sahihi. Alitia bila kusoma.

Akitoka, Kobe alisimama kwenye meza ya mwisho, ambako kijana mmoja alikuwa akijenga mfano wa jengo kwa maboksi. Tabaka za chini zilikuwa zimegandishwa kwa karatasi za michoro, nyingine zimefifia, nyingine zimepinda.

"Hizi mnapata wapi?"

"Duka la kunakili, hapo chini, Afande. Nakala zinazoharibika wanatuwekea. Mzee mwenyewe huzipitia kwanza, zinazofaa na zisizofaa, ndipo anatupa sisi."

Mwenye duka la kunakili alikuwa anagombana na mashine yake. Alipoona kitambulisho alifuta mikono.

"Kuna binti yeyote aliyeleta mchoro wa ukuta? Ukuta mrefu, mistari midogo midogo?"

"Yule mpole? Alikuja, wiki tatu zimepita. Anaongea kama anaogopa kuiamsha mashine. Nakala ya kwanza ilitoka na doa katikati, nikamtolea nyingine bure. Mashine hii ni mzee, ina makohozi."

"Yenye doa uliifanya nini?"

"Niliitupa kwenye boksi."

"Boksi la nani?"

Mwenye duka aliinua macho kuelekea ghorofani, kisha akayashusha. "La Bwana Mwavuli. Afande, mimi nina watoto wanne. Nimeweka boksi tu."

"Hakuna aliyekulaumu. Nitakuomba uniandikie hayo na tarehe."

Njia ilikuwa imeonekana, lakini njia si nyayo. Bwana Mwavuli angeweza kusema hakuwahi kuiona ile karatasi, na nani angembishia? Kobe alivuka barabara mpaka ofisi ya kumbukumbu za vita, akaomba orodha ya marehemu, akakaa nayo kwenye benchi la korido. Orodha ilikuwa na jina, cheo, tarehe, na mahali mtu alipofia. Aliacha majina. Akaanza kuhesabu mahali.

Darajani, kumi na wanne. Stendi ya mabasi, tisa. Shule ya wasichana, ishirini na wawili.

Alitoa mfukoni ile karatasi ya karani akaiweka kando ya orodha. Penseli yake iliteremka taratibu. Vikundi havikuwa mdundo. Vilikuwa mji. Mtu akitembea kando ya ukuta ule angekuwa anatoka darajani kwenda stendi, stendi kwenda shuleni, kwa mpangilio ule ule ambao mtaa unafuata mtaa, na kila nafasi tupu ilikuwa urefu wa barabara kati ya mahali na mahali. Vikundi ishirini na sita vilioana na orodha kama kifuniko na chungu chake. Kimoja kilikataa. Cha kumi na tisa, kituo cha pampu ya maji: orodha ilisema sita. Michoro yote miwili ilisema saba.

Ilikuwa saa nane mchana alipofika nyuma ya soko.

Duka la ushonaji lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili na meza ndefu ya kukatia. Kwenye cherehani moja aliketi mwanamke wa karibu miaka sitini, pini tatu mdomoni. Mezani, kati ya vitambaa, msichana mwembamba alikuwa akichora ruwaza ya gauni kwa chaki. Ili kitambaa kisiteleze alikuwa amekikandamiza kwa spana ya chuma, ndefu kama mkono wa mtu, nene, isiyofaa kufungua chochote ndani ya cherehani.

"Karibu, mwanangu," mwanamke alisema akitema pini. "Kama ni sare, polisi nawashonea, lakini msiniletee vitambi vyenu siku ya mwisho."

"Leo sina kitambi wala sare, Shangazi. Nimekuja kumwona mchoraji."

Binti hakuinua uso. Chaki yake ilisimama.

Kobe alimweleza yote: namba tisa, namba thelathini na moja, kifungu cha kumi na moja, saa kumi. Kisha akauliza, "Nani alimwibia mwenzake?"

"Sijui, Afande."

"Mchoro ni wako?"

Binti alirudi kwenye mstari wake wa chaki.

"Wee mtoto!" Shangazi alidakia. "Miezi mitano hulali, meza yangu umeigeuza ofisi, wateja wanakata nguo magotini! Mwambie!"

"Shangazi, shona tu."

Kobe alivuta kigoda akakaa. Hakuwa na haraka usoni, ingawa saa ilikuwa inakwenda. "Hii spana ni ya nini?"

"Ya kaka yangu," shangazi alisema. "Baba yake huyu. Alikuwa fundi wa pampu za mji. Ndicho kitu pekee walichonirudishia, na hata hicho nilikwenda kukichukua mwenyewe."

"Kikundi cha kumi na tisa," Kobe alimwambia binti. "Kina mistari mingapi?"

Binti alijifuta chaki kwenye vidole, kidole kimoja kimoja. "Saba."

"Orodha inasema sita."

Shangazi aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Walinzi sita wameandikwa," binti alisema, sauti chini. "Walikuwa askari. Aliyekuwa anaendesha pampu hakuwa askari. Shangazi ameandika barua mara tatu, na mara tatu wamemjibu mstari ule ule: marehemu hakuandikishwa jeshini. Nilidhani ukuta ukishajengwa, hakuna atakayehesabu. Wangeuona mstari uko tupu, wangeuliza ni wa nani. Mawe hayafutiki kirahisi."

"Na sasa hivi ungeniambia tu ni wako. Kwa nini umenyamaza?"

"Kifungu cha kumi na moja nakijua kwa moyo, Afande. Nikinyamaza, namba tisa unabaki. Namba tisa unajengwa. Na namba tisa una mistari saba." Aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Akijenga yeye, nikijenga mimi, baba yumo."

"Na jina lako?"

"Jina langu halijafa."

Shangazi alikuwa amesimama. Alikuja mezani pole pole, kana kwamba sakafu imeteremka. "Ulimtia ndani," alisema. "Hukuniambia."

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo! Kaka yangu aingie ukutani kwa kujibanza katikati ya wenzake, kabebwa na mwizi mgongoni? Siku kumi na tisa mji umezingirwa, siku kumi na tisa alifungua maji, hakujificha hata siku moja. Mimi nimegonga ule mlango mara tatu. Nitagonga mara ya nne, ya tano. Dirishani simpitishi."

"Mlango haufunguliwi, Shangazi!"

"Basi nifie mlangoni!"

Walitazamana, na kwa ule ukali mtu angejua ni damu moja hata gizani. Kobe alisogeza kigoda chake karibu na meza.

"Nisikilizeni," alisema. "Ripoti yangu siwezi kuipinda. Nitaandika kwamba Bwana Mwavuli kanakili, kwa sababu hakujua vikundi ni nini, na sahihi yake ninayo. Jopo litataka kuhakikisha, litahesabu, litaukuta mstari wako. Watasema ufutwe. Ukikaa hapa kimya, wao hawatajua wewe ni nani, watafuta mstari, na mchoro wako unaweza kushinda. Nasema unaweza. Mwenyekiti mwenyewe ndio anaoupenda."

Binti alisikiliza bila kupepesa.

"Ukija kuusemea ule mstari, watakuona uso. Anayejulikana ametoka. Masharti hayana huruma hapo, na karani wao ameapa." Alisimama. "Sikushauri lolote. Jopo linakaa saa kumi."

Alipofika mlangoni alisikia chaki ikiwekwa mezani. Hakugeuka.

Wajumbe wa jopo walikuwa watano. Walimsikiliza Kobe hadi mwisho, kwanza kwa uvumilivu, kisha kwa masikio yao yote. Alisoma maneno ya Bwana Mwavuli: kikundi cha tisa kingeweza kuwa cha kumi na tano. Alisoma ya mwenye duka. Akamkabidhi mwenyekiti orodha ya mahali na hesabu ya vikundi, nao wakainuka wote wakaenda kwenye namba thelathini na moja, wakahesabu kwa vidole kama watoto darasani. Darajani, kumi na wanne, kweli. Stendi, tisa, kweli. Walipofika cha kumi na tisa, mwenyekiti alihesabu mara mbili.

"Saba."

"Ndiyo, Mzee."

"Inapaswa kuwa sita. Kwa nini?"

"Hilo si langu kulisema."

Mwenyekiti alishusha pumzi. "Hata hivyo, ushahidi umetosha. Namba tisa ushushwe, na mwenye namba tisa ni wako, Sajini. Thelathini na moja unabaki, kwa sharti mstari uliozidi ufutwe. Karani, andika. Na kama kuna mtu ana kifutio..."

Mlango ulifunguliwa. Karani, aliyekuwa karibu, alijaribu kuuzuia kwa mwili wake wote. "Hairuhusiwi! Kikao kinaendelea!" Lakini shangazi naye hakuwa mwembamba, na nyuma yake aliingia mpwa wake, amevaa gauni la kijivu lenye chaki begani.

"Binti," mwenyekiti alisema haraka, mkono juu, "ukituambia mchoro wako ni upi, umetoka mashindanoni. Nakuonya kabla hujafungua mdomo. Rudi nje, hatujakuona."

Aliwapita wote watano. Alitembea kwa hatua ndogo mpaka namba thelathini na moja, akaweka kidole kwenye kikundi cha kumi na tisa.

"Huu usifutwe," alisema. Sauti ilikuwa ndogo mno, mjumbe wa nyuma akaegemea mbele. "Ni fundi wa pampu. Ni baba yangu."

Karani aliziba mdomo kwa kiganja.

Mjumbe mmoja, mtu wa tai, alikohoa. "Tunakuonea huruma, dada. Lakini orodha si yetu. Sisi hatuongezi marehemu."

"Sijaomba muandike jina," binti alisema. "Nimeomba nafasi."

"Ni yale yale."

"Siyo yale yale," shangazi alisema. "Jina nitalitafuta mimi. Nafasi ikiwepo nitajua nalitafutia wapi."

Mwenyekiti alikuwa bado anatazama ubao. "Kituo cha pampu," alisema taratibu. "Kile cha juu, cha matofali mekundu? Tulikuwa tunapanga ndoo alfajiri. Kila siku tulisema leo hayatatoka." Aligeuka kwa binti. "Yalikatika siku ya ngapi?"

"Ya ishirini asubuhi, Mzee. Alikufa usiku wa kumi na tisa."

Mzee alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho hakikuwa chake. Alivua saa akaiweka gotini.

"Orodha si yetu," mwenyekiti alisema mwishowe. "Hapo umesema kweli. Lakini masharti ni yetu, na masharti yakiwa na kosa, kuna utaratibu. Karani, washiriki wamebaki wangapi?"

"Thelathini na wanne, toa namba tisa." Karani alimtazama binti. "Toa na huyu. Thelathini na wawili."

"Andika waraka wa masahihisho kwa wote thelathini na wawili. Mistari ya majina ni mia nne na kumi na tatu. Mmoja, mahali pa kituo cha pampu, uachwe bila jina. Waongezewe siku kumi za kurekebisha michoro. Asiyeuweka, ametoka." Alimgeukia binti. "Wewe umeshatoka. Unaelewa? Ukuta huu hautajengwa. Utajengwa wa mwingine. Huenda ukawa mbaya."

"Kuna mmoja una malaika wanne," Kobe alisema.

"Naelewa," binti alisema.

Karani alipiga chapa palepale, kwenye meza ya pembeni, vidole viwili viwili. Alipomaliza alitaka kumpelekea mwenyekiti, lakini binti alinyoosha mkono, na yeye aliyeapa akampa. Binti aliusoma ule waraka akiwa amesimama, midomo ikicheza kidogo. Ulikuwa na sentensi nne. Alimpa shangazi yake, ambaye aliushika mbali na macho kwa sababu miwani aliisahau dukani, akasoma kwa sauti mpaka akafika kwenye kituo cha pampu, hapo akaurudisha.

Binti aliuchukua tena, akauweka mbele ya mwenyekiti, akasogeza na kalamu.

"Sasa wachore," alisema.